Watu wa Nyumba Ndefu na Nguo ya Mkataba

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaeleza habari za nguo ya pamba, jamaa ya ile merikani iliyoletwa Unguja zamani. Kila mwaka Serikali ya Marekani huwapelekea watu fulani nguo hiyo, nao hawataki kubadilishiwa kwa fedha. Asiyejua asili yake aweza kucheka. Walakini nguo hiyo ni ushahidi wa nchi yao.

Watu hao ni Wahaudenosaunee, maana yake Watu wa Nyumba Ndefu, wenyeji wa nchi iitwayo leo New York tangu kabla ya Wazungu kufika. Hapo kale nyumba zao zilijengwa kwa miti na magome, zikawa ndefu sana, na ndani ya kila moja ziliishi jamaa nyingi za ukoo mmoja. Mataifa matano, yaani Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, yalikuwa yakipigana vita vya kisasi, hata akatokea mtu wamwitaye Mleta Amani, akayapatanisha. Wao husimulia kwamba silaha zilizikwa chini ya msonobari mkubwa. Tangu hapo nchi yao yote waliihesabu kuwa nyumba moja: Wamohawk ni walinzi wa mlango wa mashariki, Waseneca wa mlango wa magharibi, na Waonondaga, walio katikati, hutunza moto wa baraza. Karibu na mwaka 1722 Watuscarora, waliotoka kusini, walikaribishwa wakawa taifa la sita.

Katika nyumba hiyo mtoto hufuata ukoo wa mama yake. Wanawake ndio waliolima mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja, na hata leo mama wakuu wa koo ndio wamchaguao jumbe, tena waweza kumwondoa akipotoka. Nayo ardhi huhesabiwa kuwa amana ya wale ambao hawajazaliwa bado.

Wamarekani walipopigana na Waingereza, nyumba hiyo ilipasuka, wengine wakashika upande huu na wengine ule. Mwaka 1779 Jemadari John Sullivan, kwa amri ya George Washington, aliteketeza miji yao mingi pamoja na mashamba. Baadaye Washington, akiwa Rais, alitaka amani nao; basi tarehe 11 Novemba 1794, huko Canandaigua, mkataba ulifanywa. Marekani ilikiri kwamba nchi zilizotajwa humo ni zao, ikaahidi kutowasumbua, na kutoa vitu vya thamani ya dola 4,500 kila mwaka. Hiyo ndiyo asili ya nguo tuliyoitaja. Kiasi cha dola hakikubadilika, na bei zimepanda, kwa hiyo nguo imekuwa haba. Lakini kila inapopelekwa, Serikali yenyewe yashuhudia kwamba mkataba ungali hai.

Ahadi ni deni, wasema wazee wetu; na deni hili halikulipwa sawasawa. Jimbo la New York lilijipatia sehemu kubwa ya nchi zao kwa mapatano ambayo Serikali kuu haikuyaidhinisha. Kisha Serikali kuu yenyewe ilijenga ukuta wa Kinzua kuuzuia mto Allegheny, ili mji wa Pittsburgh usipatwe na mafuriko. Waseneca walishtaki, wakionyesha mkataba wa 1794. Mahakama ikaamua kwamba Bunge lina uwezo wa kuuvunja. Ukuta ulipomalizika mwaka 1965, kiasi cha eka 10,000 za nchi yao zilikuwa zimetolewa kwa ajili ya maji hayo. Watu wapatao 600 walihamishwa, na makaburi ya wazee wao yakafukuliwa.

Hata hivyo hawakuiacha haki yao. Mwaka 2024 Waonondaga walirudishiwa zaidi ya eka 1,000 penye chemchemi za kijito chao, sehemu ndogo sana ya nchi ya kale. Na kila Novemba watu hukusanyika Canandaigua kuukumbuka mkataba. Sasa twaweza kufahamu kwa nini wanaitaka nguo: fedha hutumika ikaisha, bali nguo hiyo humwambia kila aipokeaye kwamba nchi yake ilikiriwa, na kwamba aliyeikiri angali ana deni.