Berea: chuo kisichoomba minervali, na wanafunzi wa zamani wanaokibeba

Kila mwaka masomo yanapoanza, katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Bunia na Kalemie swali ni lile lile: minervali itatoka wapi? Tangu 2019 serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za serikali ni bure. Lakini kuanzia sekondari mpaka chuo kikuu, mzazi ndiye anabeba mzigo. Wengine wanauza mbuzi, wengine wanakopa kwenye AVEC, wengine mtoto anabaki nyumbani.

Huko Marekani, katika jimbo la Kentucky, kuna chuo kidogo ambacho tangu 1892 hakijaomba mwanafunzi hata makuta moja ya minervali. Kinaitwa Berea College. Kina wanafunzi kama 1.500 hivi tu. Na kama kimesimama mpaka leo, sababu moja kubwa ni wale waliosoma pale zamani, ambao hawakukata kamba na chuo chao.

Kentucky si mbali sana na masikio ya watu wa mashariki mwa Kongo. Familia nyingi kutoka Kivu, kisha kupita miaka katika kambi za wakimbizi, zilipelekwa kuishi katika miji ya Louisville na Lexington. Kutoka Lexington mpaka Berea ni safari ya karibu kilometa 60 tu.

Chuo cha namna gani?

Marekani kuna vyuo vikuu vikubwa vyenye makumi ya maelfu ya wanafunzi. Kuna pia vyuo vidogo vya elimu ya jumla. Huko mwanafunzi anakaa miaka minne, anasoma historia, hesabu, sayansi, lugha, muziki, mambo ya watu na ya dini, kisha anachagua tawi moja la kuingia ndani zaidi. Walimu wanawajua wanafunzi kwa majina. Wanafunzi wanalala pamoja, wanakula pamoja. Ndiyo maana urafiki wa pale unadumu hata kisha miaka 40 au 50.

Berea ni chuo cha aina hiyo, lakini kina mambo mawili ambayo vyuo vingi havina. La kwanza, kinapokea watoto wa familia ambazo hazina uwezo. Mtoto wa tajiri hawezi kuingia kwa sababu tu baba yake ana pesa. Wengi wanatoka kwenye milima ya Appalachia, eneo ambalo lilijulikana kwa migodi ya makaa ya mawe na kwa umaskini.

La pili, kila mwanafunzi lazima afanye kazi, angalau saa 10 kwa juma. Hakuna wa kukwepa. Mmoja anafagia, mwingine anafanya kazi kwenye biblioteki, mwingine shambani, mwingine anashona ao kutengeneza fagio za kuuza. Wanalipwa kidogo, na kazi inaandikwa kwenye dosie yao pamoja na masomo. Hoteli ya chuo, Boone Tavern, ilijengwa 1909 kwa matofali yaliyochomwa na wanafunzi wenyewe, na mpaka leo wanafunzi wanafanya kazi ndani. Mtu wa Kongo anaweza kuita jambo hilo salongo, lakini salongo ambayo inakulipia masomo.

Lazima kueleza vizuri: kukosa minervali si kusema kila kitu ni bure. Chakula na malazi vina bei yake. Lakini ule mlima mkubwa, ambao katika vyuo vingine vya Marekani unapita makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, Berea inauondoa kabisa.

Kilianza katika vita ya utumwa

Aliyekianzisha ni mchungaji John Fee, mzungu wa Kentucky, mwaka 1855. Wakati ule Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa. Baba yake Fee mwenyewe alikuwa na watumwa. Fee alikataa. Alisema mtu mweusi na mtu mweupe wanatoka kwa Mungu mmoja, na lazima wasome darasa moja. Jina Berea alilitoa katika Biblia, kitabu cha Matendo ya Mitume sura ya 17, na neno ambalo chuo kinasimamia linatoka sura hiyo hiyo: mataifa yote ni damu moja.

Maneno hayo yalimletea shida. Mwisho wa 1859, watu wenye silaha walimfukuza Fee na wenzake kutoka jimbo lote. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza, alirudi na akafanya kazi katika kambi ya Camp Nelson, pale maelfu ya watu weusi waliokimbia utumwa walikuwa wanaingia jeshini pamoja na familia zao. Kisha vita, shule ilifunguliwa tena. Mwaka wa masomo 1866-1867 ilikuwa na wanafunzi 187: weusi 96, weupe 91. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, jambo hilo halikuwa limeonekana. Wavulana na wasichana pia walisoma pamoja.

1904: familia inakatwa mara mbili

Kwa karibu miaka 40 chuo kilienda hivyo. Kisha, mwaka 1904, bunge la Kentucky lilipiga sheria iliyokataza watu weusi na weupe kusoma shule moja. Iliitwa Sheria ya Day, kwa jina la mbunge aliyeileta. Kila mtu alijua imeandikwa juu ya Berea, sababu ndicho chuo pekee katika jimbo ambacho kilichanganya wanafunzi. Amande ilikuwa dola 1.000.

Berea ilipeleka kesi mpaka Korti Kuu ya Marekani. Mwaka 1908 korti ilisema jimbo lina haki. Jaji John Marshall Harlan, yeye mwenyewe mtoto wa Kentucky, alipinga uamuzi huo, lakini alikuwa upande wa wachache.

Hapo ndipo roho ya chuo ilijaribiwa. Wanafunzi weusi walilazimika kuondoka. Chuo kilisaidia kuwalipia safari na masomo ili waendelee katika vyuo vya watu weusi kama Fisk. Kilitafuta pia pesa kwa kujenga shule nyingine ya weusi, Lincoln Institute, iliyofunguliwa 1912. Katika uwanja wa shule hiyo ndipo alizaliwa Whitney Young mwaka 1921, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa haki za watu weusi Marekani.

Lakini kidonda kilibaki. Hata kabla ya sheria, rekta wa wakati ule, William Frost, alikuwa ameanza kuelekeza nguvu zaidi kwa watoto weupe wa milimani, na weusi walikuwa wanapunguka. Kati ya wanafunzi weusi wa zamani, kulikuwa waliouliza kama chuo chao kiliwapigania kwa moyo wote. Swali hilo halikufutwa na pesa za safari. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1950, sheria iliporekebishwa. Ilikuwa miaka 46. Mtu aliyefukuzwa akiwa na miaka 20 alikuwa sasa mzee wa miaka 66.

Waliopita pale

Mwaka mmoja tu kabla ya sheria ile, 1903, alimaliza pale kijana mmoja mweusi, Carter Woodson. Wazazi wake walikuwa watumwa zamani. Yeye mwenyewe alichimba makaa ya mawe kwa kujitafutia makuta ya masomo. Mwaka 1912 alipata udaktari Harvard, mtu mweusi wa pili kuupata katika chuo hicho. Mwaka 1926 alianzisha juma la historia ya watu weusi, ambalo leo ni mwezi mzima wa Februari katika Marekani yote. Kama angechelewa miaka miwili, Berea isingekuwa na ruhusa ya kumpa diploma. Leo ndani ya chuo kuna kituo chenye jina lake.

Juanita Kreps alizaliwa katika mji wa migodi ya makaa, akamaliza Berea 1942. Mwaka 1977 aliwekwa kuwa waziri wa biashara wa Marekani, mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho. John Fenn, aliyemaliza 1937, alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002, akiwa na miaka 85.

Hao ni wenye majina makubwa. Lakini wengi waliopita Berea ni walimu wa shule, wauguzi, wachungaji, wakulima na watu wa biashara ndogo. Chuo kinategemea hao pia.

Makuta yanatoka wapi?

Namna ya kuelewa ni ng'ombe. Mtu mwenye akili hachinji ng'ombe wa maziwa. Anakunywa maziwa na ng'ombe anabaki. Berea ina mfuko mkubwa ambao haugusiwi. Pesa za ndani zinawekwa kwenye biashara na masoko ya fedha, na chuo kinakula faida. Vyuo vingi vya Marekani vinatoa kama dola 5 tu kwa kila dola 100 za mfuko kila mwaka, ili mfuko usipunguke.

Mwaka 1920 komite ya Berea ilikata neno moja: pesa yote ambayo mtu anaachia chuo katika wosia wake, kama hakusema ni ya kazi gani, inaingia katika mfuko ule. Isitumiwe. Ilikuwa uamuzi mgumu, sababu mahitaji hayakosi hata siku moja. Lakini kisha miaka mia, mfuko ule unapita dola miliari moja, na ndio unalipa sehemu kubwa ya gharama za chuo. Sehemu nyingine inatoka kwenye zawadi za kila mwaka, nyingi kutoka kwa wanafunzi wa zamani na marafiki wa chuo, na nyingine inatoka serikalini.

Habari za wanafunzi wa zamani zina kazi gani?

Vyuo vidogo vya Marekani vina desturi ya kutoa gazeti la wanafunzi wa zamani, na Berea inalo. Kurasa ambazo watu wengi wanakimbilia kwanza ni zile za habari fupi, zilizopangwa kwa promosheni: nani ameoa, nani amezaa, nani amepata kazi mpya, nani amestaafu, nani amefariki. Kwa mtu wa nje ni mambo madogo. Kwa mtu wa promosheni ile, ni barua kutoka nyumbani.

Kila mwaka pia kuna siku za kurudi chuoni. Promosheni zinakutana, zile za miaka 50 zinapewa heshima ya pekee. Wazee wanatembea tena katika vyumba walivyofagia. Wengi wanakumbuka pia ile siku moja ya mwezi wa kumi ambayo masomo yanasimama na chuo chote kinapanda mlima pamoja.

Faida yake inaonekana. Chuo kinachojua mwanafunzi wake yuko wapi kinaweza kumuomba msaada, kumpelekea kijana anayetafuta stage, ao kumuita azungumze na wadogo zake. Na mtu aliyesoma bila kulipa anakumbuka kwamba kuna mwingine alimlipia bila kumjua. Akitoa dola 10 ao 20, anajua zinaenda kwa mtoto aliye kama yeye alivyokuwa.

Hatari ya 2017

Mwisho wa 2017, bunge la Marekani lilipiga kodi ya asilimia 1,4 juu ya faida ya mifuko ya vyuo tajiri, vile vyenye zaidi ya dola 500.000 kwa kila mwanafunzi na wanafunzi angalau 500. Walilenga vyuo kama Harvard. Lakini Berea, chuo cha maskini, iliingia katika wavu huo, sababu ina mfuko mkubwa na wanafunzi wachache. Maneno mawili yalikuwa yangeiokoa, yaani wanafunzi "wanaolipa minervali", lakini yaliondolewa dakika za mwisho juu ya kanuni za bunge. Kisha kelele nyingi, Februari 2018 maneno hayo yalirudishwa. Kwa kuwa Berea haina mwanafunzi anayelipa minervali, ilitoka.

Kwa mzazi na kwa wanafunzi wa zamani wa huku

Berea inapokea pia wanafunzi kutoka nchi za nje, lakini ni wachache sana kila mwaka, na lazima wajue Kiingereza vizuri. Nafasi haiuzwi. Mtu anayeomba makuta huku mashariki akisema atakupatia bursi ya pale, huyo ni mdanganyifu. Kwa watoto wa Wakongomani wanaoishi Kentucky, njia ni fupi zaidi: ni chuo cha jimbo lao, na kinawatafuta hasa vijana wa familia zisizo na uwezo.

Koleji na vyuo vya Kivu, Ituri na Tanganyika havina dola miliari. Lakini vina watu. Mara nyingi wanafunzi wa zamani wanakutana kwa matanga ya mwalimu ao kwa yubile ya shule, wanachanga, kisha kila mtu anarudi kwake na daftari linapotea. Jambo la kwanza ni daftari: majina, mwaka wa promosheni, mahali mtu anakaa. Berea iliweka pia kanuni moja juu ya pesa, ikaishika miaka mia.

Daftari na kalamu havingoji mfadhili. Shefu wa promosheni anaweza kuvianza juma hili.