Dawa ya Ng'ombe Si Shampuu ya Mbwa

Kupe ni adha ya kudumu kwa wafugaji wa mbwa katika kata za pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Chamazi na Toangoma upande wa Temeke au Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni. Mbwa wa ulinzi hushinda bandani, na kupe wa kahawia huzaliana humo humo, ndani ya nyufa za kuta na mbao. Ndiyo sababu mfugaji huogesha mbwa leo, na wiki chache baadaye akakuta kupe wamerudi. Hapo hushawishika kutafuta kitu kikali zaidi.

Mara nyingi kitu hicho ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, iliyomiminwa katika chupa tupu ya maji isiyo na kibandiko. Dawa hizo huuzwa zikiwa nzito ili zichanganywe na maji mengi, hivyo kifuniko kimoja kilichozidi katika ndoo ndogo hubadili kabisa nguvu yake. Isitoshe, mbwa hujilamba, na kilichopakwa manyoyani huishia tumboni. Amitrazi ikizidi humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo. Dawa za jamii ya oganofosfeti humtoa mate, humtetemesha na kumkosesha pumzi. Permethrini, ambayo mbwa huistahimili kwa kipimo sahihi, yaweza kumuua paka anayelala naye. Hatari kubwa kuliko zote ni kwa watoto: nyingi ya dawa hizi zikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa.

Mafuta ya taa, oili chafu na jiki huunguza ngozi na ni sumu mbwa akijilamba. Havifai hata kidogo. Shampuu ya binadamu haina hatari ya namna hiyo, lakini hutengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi kuliko ya mbwa. Ikitumiwa mara kwa mara hukausha ngozi, mbwa akajikuna, na mwenye mbwa akadhani ni kupe tena. Maji ya majani ya mwarobaini nayo yanasifiwa sana mitaani, ila hakuna anayejua ndoo yake ina nguvu kiasi gani.

Kwa uchafu wa kawaida, shampuu ya mbwa au sabuni laini ya kipande isiyo na manukato makali yatosha, mradi isuuzwe yote. Kwa kupe, inunuliwe dawa iliyofungwa kiwandani, ambayo kibandiko chake kinamtaja mbwa, kipimo, umri unaoruhusiwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa watoto wa mbwa na mbwa wenye mimba, afisa mifugo wa kata aulizwe kwanza. Banda nalo lisafishwe na nyufa zizibwe, la sivyo fedha ya dawa itapotea bure.

Mbwa akilegea au kutetemeka baada ya kuogeshwa, aoshwe haraka kwa maji mengi na sabuni laini, azuiwe kujilamba, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa iliyotumika. Anayemwosha avae glavu. Akiumwa na mbwa, hata kama ni wake mwenyewe, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, akiwa na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa kama ipo.