Je, Wajua? Kiharusi Huondoa Maneno, Wimbo Ukabaki

Je, wajua kuwa mtu aliyepoteza usemi kwa kiharusi, asiyeweza hata kuomba maji, huenda akaimba beti nzima na maneno yake yote? Mwaka 1745 Olof Dalin wa Sweden alieleza habari za kijana aliyepooza upande wa kulia, akabaki na neno moja tu, "ndiyo". Lakini mtu akimwanzishia tenzi za kanisani, alizifuata kwa matamshi safi kama mzima.

Kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Kuimba hutumia pande zote mbili, na huenda ndiyo maana wimbo hupata njia pale ambapo sentensi imekwama.

Je, wajua kuwa hata kusikiliza tu kunasaidia? Huko Helsinki, Finland, Teppo Särkämö na wenzake waliwagawa wagonjwa 60 katika makundi matatu. La kwanza lilipewa muziki, la pili vitabu vya kusikiliza, la tatu halikuongezewa kitu. Kila mgonjwa wa muziki alichagua mwenyewe nyimbo azipendazo, akapewa mashine ndogo ya CD, akasikiliza walau saa moja kwa siku kwa miezi miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Kwa kundi la muziki, kumbukumbu ya maneno ilikuwa imepanda kwa asilimia 60 kufikia mwezi wa tatu tangu kiharusi. Kwa wa vitabu ilikuwa 18, kwa wasioongezewa kitu 29. Waliosikiliza muziki pia walikuwa na huzuni pungufu kuliko wasioongezewa kitu. Mwaka 2020 watafiti wa huko huko walionyesha kuwa nyimbo zenye maneno ndizo zinazosaidia zaidi kumbukumbu ya maneno kurudi, kuliko ala tupu, na usemi kurudi, kuliko vitabu vya kusikiliza.

Kwa hiyo kumlaza mgonjwa kimya kutwa, eti apumzike, ni kumnyima kitu katika wiki zile zile ambazo ubongo unajijenga upya kwa kasi. Mtaalamu wa tiba ya usemi abaki na kazi yake. Wimbo ni nyongeza ambayo ndugu wanaweza kuianza nyumbani kwa simu ya mkononi. Iwe taarabu, kaswida, kwaya au dansi la zamani, achague yeye. Asiyeweza kutaja wimbo apigiwe mianzo ya nyimbo kadhaa. Mtazame uso kuliko kusubiri jibu, maana wengine baada ya kiharusi huchanganya "ndiyo" na "hapana".