Je, kamba wa Marekani aweza kutuondolea kichocho?

Wakazi wa Port Victoria na Budalangi kwa jumla wanakijua kichocho cha tumbo, hata kama wengi hukiita tu maumivu ya tumbo. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wadogo wa ziwani. Hutoka mchana, jua likiwa kali, na kupenya ngozi ya mvuvi, mama anayefua au mtoto anayeogelea. Dakika chache zatosha.

Kwa nini basi konokono hao wasiletewe adui wa kuwala? Adui yupo. Ni kamba mwekundu wa maji baridi, mwenye magando kama ya kaa, ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani. Aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa ajili ya uvuvi. Katika miaka ya 1990 watafiti walimjaribu katika vidimbwi vya Machakos. Konokono walipungua, na watoto walioambukizwa tena kichocho cha mkojo wakawa wachache. Lakini tusisahau kwamba watoto hao walitibiwa kwa dawa kwanza.

Kidimbwi si Ziwa Victoria. Humu baadhi ya konokono wa kichocho huishi chini kabisa, mbali na ufuo. Kule Naivasha kamba huyo alichangia kumaliza mimea ya majini, na mnyama akishazoea maji mageni hakuna wa kumrudisha kwao. Sisi tulikwisha kuletewa mbuta katika miaka ya 1950, na samaki wengi wadogo wakatoweka. Kisha likaja gugu maji, ambalo huwapa konokono maficho. Mimi nisingeongeza mgeni wa tatu.

Tiba ipo. Ukiona damu kwenye choo kikubwa, au mtoto akiumwa tumbo na kuharisha mara kwa mara, nenda kituo cha afya mkapimwe choo. Usingoje tumbo livimbe au utapike damu, kwani hapo ini limekwisha kuumia. Dawa ni prazikwanteli, na kipimo chake hutegemea uzito wako, kwa hiyo usigawane vidonge na jirani. Haizuii kuambukizwa tena ukirudi majini, basi mvuvi apimwe tena na tena. Kwenda haja ziwani ndiko kunakowapa konokono vimelea. Maji ya kuoga yachemshe, au yaweke siku mbili katika pipa lililofunikwa.