Chini ya Mchanga Mkavu, Mto Bado Unafanya Kazi

Ukipita bonde la Umba mwezi wa pili, kabla masika hayajaanza, utavuka korongo baada ya korongo bila kukanyaga maji. Utaona mchanga, mikuyu kingoni na nyayo za mifugo. Wengi husema mto wa namna hiyo umekufa, na kwa kuwa umeshahesabiwa mfu, kila mtu huuchukulia apendavyo: huyu analima hadi ukingoni, yule analeta lori kuchota mchanga.

Umba wenyewe huanzia msitu wa Shagayu, juu katika Usambara Magharibi. Hushuka upande wa kaskazini hadi nyanda kavu za Lushoto, hugusa pembe ya kusini mashariki ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, hupita Mkinga, kisha huvuka mpaka na kuingia baharini Vanga, nchini Kenya. Mto mkuu unalishwa na misitu ya mlimani. Makorongo yanayouingilia huku chini ndiyo mito ya msimu: hujaa siku chache za vuli na masika, kisha hukauka. Wala si jambo la kwetu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature ulikadiria kuwa kati ya asilimia 51 na 60 ya urefu wa mito yote duniani huacha kutiririka walau siku moja kwa mwaka.

Maji ya makorongo hayo huenda wapi? Mengine hukimbilia baharini, na mengine huzama. Mafuriko yakipungua nguvu, chembe kubwa za mchanga hutua kwanza na kuacha nafasi katikati yake. Katika mchanga wa namna hiyo, robo hadi theluthi ya ujazo wake inaweza kushika maji, na penye mwamba au mfinyanzi chini yake, maji hayo hayana pa kukimbilia. Jua linalomaliza lambo kwa miezi michache huyafikia kwa shida: yakishashuka kiasi cha sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, uvukizaji hupungua mno. Wakamba wa Kitui na Machakos, kule Kenya, wamelitumia jambo hili kwa kujenga kuta fupi za zege kukatiza makorongo ili mchanga ujae nyuma yake, kisha wakachota maji humo kiangazi kizima.

Tembo walilijua kabla yetu. Kiangazi hufukua mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yachuruzike, hunywa, huondoka. Nyuma yao huja pundamilia, ngiri, nyani na kanga, wasio na uwezo wa kuchimba kina hicho. Kwa Mkomazi, pori la akiba tangu 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008, jambo hili ni zito. Hifadhi ina kilomita za mraba 3,245 na maji ya kudumu ni haba mno. Tembo wanaovuka kati yake na Tsavo hufuata mvua, na mkondo wenye maji chini ya mchanga huwaongezea siku za kukaa. Ukichota mchanga wote hadi kwenye mwamba, umeondoa maji pamoja nao.

Kuna pia kiumbe mdogo ambaye watu wa Tanga wangepaswa kujivunia. Mwaka 1907 mwanasayansi Lönnberg wa Sweden alimweleza kitaalamu samaki aliyepatikana Tanga, ambaye leo anaitwa Nothobranchius palmqvisti. Ni wa urefu wa kidole tu, na dume ana mkia mwekundu. Huishi katika vidimbwi vya mvua kwenye nyanda za pwani. Hukua haraka, hutaga mayai topeni, na kidimbwi kikikauka samaki wote hufa. Mayai hubaki ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi, ndipo huanguliwa. Samaki huyu anauhitaji ukame. Anayekigeuza kidimbwi chake kuwa bwawa la maji ya mwaka mzima, au akakifukia, anammaliza.

Tuje kwenye umwagiliaji. Wapare wa Same, upande wa pili wa bonde la mto Mkomazi, wamekuwa wakichimba ndiva, yaani mabwawa madogo, kwa vizazi vingi. Ndiva hukusanya usiku maji haba ya kijito, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu kuelekea mashambani. Chini yao, katika kijiji cha Makanya, maji ya kawaida ya mto hayafiki tena. Kinachofika ni mafuriko. Wakulima huyakinga na kuyaelekeza kwa mifereji hadi mashamba ya mahindi. Udongo ukishiba kwa kina, mahindi huweza kuvumilia wiki kadhaa za jua. Huo ni ujuzi halisi wa kilimo, na naona haya tunapouita kubahatisha.

Kosa ninaloliogopa ni la Ruaha Mkuu. Ule ulikuwa mto wa kudumu. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na viboko kubanana katika madimbwi yaliyobaki. Mpunga wote wa Usangu, juu ya mto huo, ulilaumiwa, lakini mpunga wa masika haukuwa na madhara makubwa kama mabanio yaliyoachwa wazi kiangazi, yakipeleka maji kwenye majaruba yasiyo na zao la maana.

Nyanda za Mng'aro na Mnazi, zinakolimwa mpunga kwa maji ya mlimani, bado zina nafasi ya kuliepuka hilo. Banio lipimwe kwa maji ya Septemba, si ya Aprili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mahitaji ya lazima ya watu na ya mazingira yatengwe kabla ya matumizi mengine, na ile ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na sisi wa mjini Tanga tusijitoe. Kila nyumba inayoinuka Nguvumali inakula tripu kadhaa za mchanga, na ni haki kumuuliza mwenye lori mchanga huo umetoka wapi.

Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo eneo lake linaufikia Umba, ingeweza kuanza na kitu rahisi: mabomba yenye matundu, yazamishwe mchangani kwenye makorongo makubwa kutoka Mnazi hadi Mwakijembe. Jumuiya ya watumia maji ishushe kamba kila wiki na kuandika kina. Kiwango cha kufunga mabanio kikubaliwe mapema, wakulima, wafugaji na watu wa hifadhi wakiwa wamekaa pamoja, kabla kiangazi hakijaanza.