Blogu Yako, Mpenzi Wako na Zile Namba!

Umeandika vizuri, umepanga picha zako, umebonyeza kitufe cha kuchapisha. Baada ya hapo unafanya nini? Kama wewe ni mwanablogu wa kujifurahisha kama mimi, jibu tunalijua: unafungua takwimu. Dakika tano baadaye unazifungua tena. Chakula kinapoa mezani, mwenzako anakusimulia mambo ya kazini, wewe unaitikia "ee, ee" huku macho yako kwenye simu, unahesabu wageni. Si mchezo jamani!

Ugonjwa huu hapa kwetu una umri wake. Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004 kupitia Jikomboe, na Issa Michuzi akafungua blogu yake ya picha Septemba 2005. Enzi hizo kila mtu alitaka ile kaunta ndogo chini ya ukurasa, inayozunguka kama mita ya maji. Novemba 2005 Google ikatoa bure Google Analytics, na ghafla hata mtu anayeandika kuhusu maua ya nyumbani kwake akaweza kuona wageni wake wanatoka mji gani.

Mimi yangu ni mapishi ya pwani. Nilianza mwaka 2014, nikiwa sina muda mrefu tangu nitoke chuo. Mume wangu ndiye mpiga picha, na pia ndiye mlaji mkuu. Tangu hapo nimejifunza mengi kuhusu namba, na leo nataka nikugawie.

Namba gani hasa?

Kwanza, usidanganywe na neno "hits". Ukurasa mmoja wenye picha 10 unaweza kuhesabiwa hits 11 au zaidi, kwa kuwa kila picha inaombwa peke yake kwenye seva. Kwa hiyo rafiki yako anayejisifu kuwa ana hits 11,000 inawezekana kabisa kurasa zake hazijafunguliwa hata mara 1,000!

Hata "wageni" nao wana mambo yao. Programu nyingi humtambua mtu kwa faili dogo linalowekwa kwenye kifaa chake, liitwalo kuki. Ukisoma asubuhi kwa kompyuta ya ofisini na jioni kwa simu yako, wewe mmoja umekuwa wawili. Watu watano wakitumia kompyuta moja ya intaneti kafe, wanaweza kuonekana mtu mmoja. Halafu kuna roboti zinazozunguka mtandaoni zikisoma kurasa, na hazijui hata chumvi ni nini. Na usijisahau wewe mwenyewe unayefungua blogu yako mara ishirini kwa siku. Usipojiondoa kwenye hesabu, unajipigia makofi.

Muda wa kusoma pia una mtego. Kwenye mfumo wa zamani wa Google Analytics, mtu aliyesoma ukurasa mmoja tu kisha akaondoka alihesabiwa sekunde sifuri, hata kama alipika pilau nzima akiwa amekufungua jikoni. Mfumo mpya, uliochukua nafasi Julai 2023, una vigezo vingine: ziara inahesabiwa kuwa ya maana ikizidi sekunde 10, au mgeni akifungua kurasa mbili na kuendelea, au akifanya jambo ulilolipa umuhimu.

Mitandao inaleta watu, lakini...

Mitandao ya kijamii ni kama daladala iliyojaa. Inashusha watu wengi kwa mkupuo kituoni kwako, halafu inaondoka. Niliwahi kuweka picha za keki ya harusi iliyokuwa bomba sana, zikasambaa balaa. Grafu ilipanda kama mnazi. Siku ya tatu ikarudi chini, na karibu wageni wote hawakufungua ukurasa wa pili. Wakati huohuo ukurasa wangu wa kaimati, ambao haujawahi kuvuma popote, watu wanaufikia kila wiki kwa kutafuta kwenye Google, na Ramadhani ikikaribia wanaongezeka. Picha zile zililetewa watu. Kaimati watu wanazitafuta wenyewe.

WhatsApp nayo ni kasheshe. Mtu akituma kiungo chako kwenye kikundi cha akina mama, wageni wale mara nyingi huonekana kama wamekuja "moja kwa moja", yaani hakuna alama ya walikotoka. Kwa hiyo usiseme "watu hawanisambazi". Huenda wanakusambaza sana, ila huwaoni.

Kumbuka pia kwamba nyumba ya mtu ina sheria zake. Januari 2018 Facebook ilitangaza kuwa itatanguliza yanayotoka kwa ndugu na marafiki, na machapisho ya kurasa yangeonekana kidogo. Aliyetegemea mlango huo mmoja alikuwa amejenga kwenye kiwanja cha mwenzake.

Siku tulipohesabu watu

Mwaka huohuo wa 2018 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni Tanzania ziliwataka wanablogu kuwa na leseni: maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Kwa blogu ya kujifurahisha, isiyoingiza hata senti! Wenzetu kadhaa walifunga. Nyumbani kwetu pesa ya namna hiyo ilikuwepo, ila ilikuwa ya friji.

Tulikaa kikao, mimi na mume wangu, takwimu mezani. Kwa jumla hazikuvutia. Akaniambia, "Mke wangu, ziweke pembeni hizi za jumla. Nioneshe wanaorudi." Tukawatafuta. Tukakuta kundi dogo linalorudi kila wiki, na ndani yake wasomaji wachache wa Muscat wanaofungua kurasa tatu, nne kwa mpigo. Nikakumbuka barua pepe ya dada mmoja wa huko, aliyeniuliza jinsi ya kupika mkate wa kumimina kama wa bibi yake Zanzibar, na aliponiandikia tena alisema mama yake amelia alipouonja.

Tukalipa. Friji ikasubiri mwaka mzima, tukawa tunanunua samaki wa siku hiyohiyo. Sikumsikia akilalamika hata siku moja, kwa sababu uamuzi tuliufanya wawili.

Basi ufanyeje?

Chagua siku moja ya kuangalia namba. Sisi ni Jumapili jioni, nusu saa, pamoja. Baada ya hapo simu inakaa pembeni.

Linganisha mwezi na mwezi, siyo saa na saa. Kwa vitu vya msimu kama futari, linganisha Ramadhani na Ramadhani iliyopita.

Jiulize maswali matatu tu: nani anarudi, anatafuta nini, na ametoka mlango gani. Search Console ya Google, nayo ya bure, itakuonesha maneno ambayo watu waliandika walipokutafuta. Humo utapata mada ya kuandika wiki ijayo.

Jibu barua na maoni ya wasomaji kabla ya kufungua grafu. Grafu haiwezi kukushukuru.

Na mshirikishe mwenzako. Mpe kazi: picha, kusahihisha, hata kuonja. Mtu aliyemo ndani ya jambo halionei wivu.

Wageni wako wakiwa 30 kwa wiki, usione aibu. Hebu fikiria watu 30 wakigonga hodi sebuleni kwako kuuliza unapikaje wali wa nazi. Viti vingetosha kweli?