Namna Picha Inavyosafiri Ndani ya Barua Pepe

Kisiwa cha Pemba, chenye eneo la kilomita za mraba 988, kimetenganishwa na bara kwa mlango wa bahari wenye kina kirefu. Kioo cha hadubini kinachohitaji kuonwa na mtaalamu aliye Dar es Salaam au Ulaya hakina budi kuvuka maji hayo kwa meli au kwa ndege. Picha ya kioo hicho, hata hivyo, yaweza kuvuka kwa dakika chache ikiwa imefungwa ipasavyo ndani ya barua pepe. Kufungwa huko ni kazi yenye kanuni zake, na mtu azijuaye kanuni hizo aweza kuifanya kwa kompyuta ya kawaida na kwa njia nyembamba ya mawasiliano.

Yai na mwiba wake

Huko Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, ipo maabara ya afya ya jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kiitaliano wa elimu ya vimelea. Miongoni mwa maradhi yaliyochunguzwa sana kisiwani ni kichocho. Katika uchunguzi wake, mililita 10 za mkojo huchujwa, kisha chujio huwekwa chini ya hadubini ili mayai ya kimelea kiitwacho Schistosoma haematobium yahesabiwe. Urefu wa yai moja ni kiasi cha sehemu moja ya saba ya milimita, nalo hutambulikana kwa mwiba mdogo ulio kwenye ncha yake. Yai la Schistosoma mansoni, aletaye kichocho cha tumbo, lina mwiba ubavuni.

Jitihada kubwa za kukomesha maambukizo ya kichocho Unguja na Pemba, zilizoanza mwaka 2012, zimeufanya ugonjwa huu kuwa nadra katika sehemu nyingi za visiwa hivyo. Ugonjwa unapokuwa nadra, yai moja huwa na uzito mkubwa, kwa kuwa laweza kuwa dalili kwamba maambukizo yamerejea mahali yalipodhaniwa kwisha. Ichukuliwe basi kwamba fundi wa maabara ameona kitu chenye shaka, naye ataka jicho la pili. Picha atakayoituma yapasa kufika na mwiba wake. Picha iliyopoteza mwiba haimsaidii mtaalamu wala mgonjwa.

Posta isiyojua picha

Kanuni za kupelekeana barua pepe zilizotangazwa na Jon Postel wa Marekani mwaka 1982 zilikusudiwa maandishi matupu. Kila alama iliwakilishwa kwa tarakimu saba za sufuri na moja, ziitwazo biti, kwa hiyo alama zote zilizowezekana zilikuwa 128 tu. Picha iliyo katika kompyuta, kwa upande wake, ni mfululizo wa baiti, na kila baiti ina biti nane. Kuitia picha kama ilivyo katika posta ya biti saba ni sawa na kumimina kibaba cha mchele katika chombo kisichotosha kibaba: sehemu itamwagika, na picha haitafunguka tena.

Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitangaza utaratibu uitwao MIME. Hawakuibadili posta, bali waliibadili picha, ikapata kuandikwa upya kwa herufi ambazo posta ilikwisha kuzijua. Tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein alikuwa amekwisha kutuma ujumbe wa namna hiyo, wenye picha na sauti ya kikundi cha waimbaji wanne, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao.

Hesabu inayotumika huitwa base64. Baiti tatu zina biti 24. Biti hizo hugawanywa upya katika mafungu manne ya biti sita sita, na kila fungu huandikwa kwa moja ya alama 64: herufi kubwa 26, herufi ndogo 26, tarakimu 10, na alama mbili za nyongeza. Jina la Ole, kijiji cha Pemba, laweza kuwa mfano. Baiti zake ni 01001111, 01101100 na 01100101. Zikigawanywa sita sita, hupatikana 010011, 110110, 110001 na 100101, yaani 19, 54, 49 na 37, ambazo katika jedwali la base64 ni T, 2, x na l. Jina la Ole litasafiri likiitwa T2xl, na mpokeaji atalirudisha kuwa Ole bila kupungukiwa hata biti moja.

Gharama ya usalama huo ni ukubwa, kwa maana kila baiti tatu hugeuka nne. Picha ya baiti 300,000 huwa herufi 400,000, na zikiongezwa alama za kumaliza mistari hufika kama 410,000.

Mahali pa picha katika barua

Picha yaweza kuhusishwa na barua kwa njia tatu. Ya kwanza ni kiungo: barua hutaja tu mahali picha ilipo katika kompyuta nyingine, na mpokeaji asiye na mtandao wakati huo huona mraba mtupu. Ya pili ni kiambatisho: picha hufuatana na barua lakini hufunguliwa kando. Ya tatu ni kupachika: picha huonekana pale pale maelezo yake yalipo.

Katika kupachika, barua hugawanywa vipande vilivyotengwa kwa mstari wa mpaka. Kipande cha kwanza ni maandishi. Cha pili ni picha iliyokwisha kuwa herufi, nayo hupewa jina lake la utambulisho. Pale picha inapotakiwa kuonekana, maandishi hutaja jina hilo likitanguliwa na herufi cid. Kwa mtaalamu mwenye mayai matano ya kulinganisha, faida ya njia hii ni dhahiri: kila picha hukaa chini ya namba yake, na haiwezekani kuzichanganya.

Amri badala ya vitufe

Kazi yote hiyo yaweza kufanywa kwa kuiandikia kompyuta amri kwa herufi, pasipo madirisha wala vitufe vya kiooni. Amri iitwayo base64 huigeuza picha. Programu fupi ya mistari michache huandika kichwa cha barua, mipaka na vipande. Kisha barua nzima hukabidhiwa programu ya kupeleka, kama vile sendmail, iliyotungwa na Eric Allman huko Berkeley, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Fundi huandika amri mara moja tu. Tangu hapo kompyuta yaweza kurudia kazi ile ile kila jioni kwa picha zote za siku. Tena, njia ya mawasiliano ikikatika, barua haipotei. Sendmail huiweka katika foleni na kujaribu tena na tena, kwa kawaida hadi siku tano, mfano wa nahodha anayengoja upepo.

Ukubwa na siri

Yapo mambo mawili ambayo hesabu haiwezi kumfanyia fundi. La kwanza ni ukubwa. Picha ya baiti milioni 6, ikipita katika njia ya biti 64,000 kwa sekunde, huchukua dakika 17; ile ya baiti 300,000 huchukua chini ya dakika moja. Lakini kuipunguza kwa kuibana mno ni hatari. Mtindo wa JPEG huikata picha katika miraba midogo ya nukta nane kwa nane na kutupa mambo madogo ndani yake, na mwiba wa yai ni mojawapo ya mambo madogo hayo. Iliyo bora ni kukata pembezoni na kubakiza yai pamoja na mstari wa kipimo, bila kuligusa yai lenyewe.

La pili ni siri ya mgonjwa. Herufi za base64 zaonekana kama fumbo, lakini si fumbo: yeyote aipataye barua aweza kuzirudisha kuwa picha kwa amri moja. Zaidi ya hayo, picha iliyopigwa kwa simu yaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa. Yapasa basi jina la mgonjwa lisiwemo katika picha wala katika jina la faili, habari hizo zilizofichika zifutwe, na barua isimbwe kwa ufunguo kabla ya kutumwa.

Ujuzi huu hauhitaji mitambo ya thamani kubwa. Wahitaji fundi anayejua kinachotokea kati ya kioo cha hadubini na kioo cha kompyuta, naye aweza kufundishwa Chake Chake, Wete au Mkoani kama afundishwavyo mahali pengine popote. Akisha kuujua, mtaalamu aliye ng'ambo ataliona yai lile lile aliloliona yeye, na mwiba wake ukiwa mahali pake.